Kwa nini betri za sola hazimalizi miaka miwili hapa Goma?

#1 MtotoWaNdosho (Goma)
Salamu wandugu. Wenye ujuzi wa sola naomba mnisaidie, nimechoka kununua betri.

Nyumbani kwangu Ndosho nina paneli moja ya wati 300, regulata (kifaa kinachosimamia kuchaji betri) ya ampea 30 iliyoandikwa PWM, konvetisa (inveta) ya volti 12 yenye wati 1500, na betri mbili za gel za ampea-saa 100, zimeungwa pamoja chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Tunatumia taa sita za LED, televisheni, Wi-Fi, simu, na frigo ndogo ambayo tunaiwasha mchana tu. Umeme wa waya tunao, ila unakuja unavyotaka.

Betri za kwanza zilikufa kabla ya miaka miwili. Nikabadilisha zote mbili. Hizi za sasa ndiyo kwanza zimemaliza mwaka, na ikifika saa tatu usiku konvetisa inalia tiii halafu inazima. Cha ajabu, saa tano asubuhi regulata inaonyesha taa ya kijani, yaani betri imejaa. Imejaaje saa tano, na usiku haifiki popote?

Fundi aliyenifungia anasema niliuziwa betri feki. Aliyeniuzia anasema fundi hajui kazi. Nimsikilize nani?

#2 FundiBirere (Goma)
Feki. Sina haja ya kuzunguka. Siku hizi zinaingia betri zilizotumika kwenye minara ya simu, zinasafishwa, zinabandikwa karatasi mpya, zinapangwa dukani ziking'aa. Kagua hivi: betri ya gel ya kweli ya ampea-saa 100 ina uzito wa kilo 28 hadi 32 hivi, maana ndani ni madini ya risasi. Ukiinua ikakupa kilo 18 au 20, ujue umenunua boksi. Nenda kwa wauza maharage wakupimie.

#3 Yaya_Keshero (Goma)
Fundi anasema kweli. Mimi nina saluni, nilinunua betri, baada ya miezi karatasi ikaanza kubanduka kona. Nikaivuta taratibu. Chini kuna karatasi nyingine yenye ampea-saa 65! Nilirudi dukani, nikakuta wanauza viatu.

#4 MzeeWaHimbi (Goma)
Wadogo zangu, feki zipo, lakini msikimbilie huko kabla ya kusoma alichoandika. Wati 300, PWM, volti 12. Ugonjwa wa kwanza uko hapo.

Kijana, panda juu, angalia karatasi iliyo nyuma ya paneli. Tuandikie Vmp (volti ikiwa kazini), Imp (ampea ikiwa kazini) na Voc (volti ikiwa haijaunganishwa) kama zilivyoandikwa.

#5 MtotoWaNdosho
Mzee shikamoo. Nimepanda: Vmp 32.4, Imp 9.26, Voc 39.

#6 MzeeWaHimbi
Marahaba. Ndiyo niliyoyahofia.

Paneli yako inatoa wati 300 ikiwa inafanya kazi kwenye volti 32.4. Zidisha kwa 9.26, utapata 300 kamili. Lakini regulata ya PWM haibadilishi volti. Ni kama swichi inayofungua na kufunga: inaiburuta paneli hadi kwenye volti za betri. Betri iko kwenye 13, basi paneli nayo iko kwenye 13, na ampea zinabaki zile zile 9 na kidogo. 13 mara 9.26 ni wati 120. Nyingine 180 umezilipia dukani na hazishuki kutoka kwenye bati.

Paneli za PWM ya volti 12 ni zile zenye seli 36, Vmp kama 18. Hizi kubwa za seli 60 zilitengenezwa kwa mitambo iliyounganishwa na umeme wa gridi, zimejaa sokoni kwa sababu wati moja inapatikana kwa bei ndogo. Ukitaka kuitumia kwenye betri ya volti 12 ni lazima regulata ya MPPT, ile inayochukua volti 32 na kuzigeuza kuwa ampea zaidi upande wa betri.

Sasa tufanye hesabu ya siku. Goma tunapata jua kamili la saa nne na nusu hivi ukilijumlisha, siku nzuri na mbaya. 120 mara 4.5 ni wati-saa 540. Matumizi yako: taa 210, televisheni saa tano 250, Wi-Fi kutwa 240, simu 40, frigo mchana tuseme 360. Na wengi wanasahau konvetisa yenyewe: ikiwashwa tu bila kitu inakula wati 15 hivi, kwa saa 24 ni 360. Jumla 1,460.

Unaingiza 540, unatoa 1,460. Hakuna betri duniani ya kuvumilia hiyo.

#7 Hesabu_Ni_Hesabu (Bukavu)
Mzee kwa heshima zote, hesabu hiyo haisimami. Betri mbili zikiwa mpya zina wati-saa 2,400 jumla. Kama kila siku anapungukiwa na 900, zingeisha siku ya tatu, siyo mwaka wa kwanza. Lakini anasema alikaa karibu miaka miwili na zile za mwanzo. Basi ama hatumii kiasi hicho, ama kuna nguvu inayoingia kutoka mahali pengine ambayo hajatuambia.

#8 MtotoWaNdosho
Ni kweli sikusema: kuna chaja ndogo ya betri, umeme wa waya ukirudi tunaichomeka. Konvetisa na Wi-Fi tunazima tukilala. Na frigo haikuwepo wakati wa betri za kwanza, tumeileta mwaka huu.

#9 Hesabu_Ni_Hesabu
Haya sasa tunaongea.

#10 MzeeWaHimbi
Nakubali kupunguza konvetisa na Wi-Fi. Bado anatumia zaidi ya 1,200. Na hoja yangu ya msingi haiguswi: betri hizo hazijawahi kujaa hata siku moja tangu zitoke dukani. Betri ya risasi inauawa na kukaa nusu. Ikikaa bila kujaa, kwenye sahani zake panajengeka chumvi ngumu ya salfati, na kila siku inayopita ile sehemu inayofanya kazi inapungua.

Na taa ya kijani saa tano asubuhi ndiyo ushahidi wenyewe. Betri iliyougua hivyo volti zake zinapanda haraka sana ukiichaji, regulata inadhani imejaa, inapunguza. Sehemu iliyobaki hai ni ndogo, kwa hiyo inajaa upesi na kuisha upesi.

#11 Kivu_Radi (Bukavu)
Je, unaongeza maji gani kwenye betri? Huku kwetu Kadutu nimeona watu wanaweka maji ya mvua wakisema ni safi kuliko ya bomba. Na nyinyi huko Goma mvua yenu inapita kwenye moshi wa volkano za Nyiragongo na Nyamulagira! Moshi ule una gesi ya salfa, mvua inashuka na asidi, na ina floridi na kloridi. Mabati ya upande wa Rusayo na Sake yanatoboka mapema kwa ajili hiyo. Kloridi ndani ya betri inakula sahani. Maji ya betri ni yale yaliyochemshwa yakakusanywa mvuke, basi.

#12 FundiBirere
Ndugu wa Bukavu, amesema ni GEL. Haifunguliwi, haiongezwi maji.

#13 Kivu_Radi
Sawa nimeona. Ila ushauri ubaki kwa wenye betri za kufungua, wako wengi wanasoma hapa kimya kimya.

#14 BaharuMwanza (Mwanza, Tanzania)
Habari za huko majirani. Sisi huku tumegundua adui ni joto. Betri ikikaa kwenye nyuzi 35 badala ya 25, maisha yake yanapungua karibu nusu. Inveta na betri vyote viwekwe mahali pa hewa, siyo darini chini ya bati.

#15 Yaya_Keshero
Kaka wa Mwanza, Goma joto? Tunalala na blanketi mbili.

#16 MzeeWaHimbi
Kanuni ya ndugu yetu ni sahihi, ila mji wetu uko mita 1,500 juu ya bahari, chumba cha betri kinakaa nyuzi 20 hivi. Kwa hilo tumebarikiwa. Lakini tazameni upande wa pili: betri ikiwa baridi inataka volti za juu kidogo ili ijae. Kila nyuzi moja chini ya 25 inadai kama volti 0.02 zaidi kwenye betri ya volti 12. Regulata za bei rahisi nyingi hazina kipimo cha joto, zinaishia 14.1 au 14.2 kana kwamba tuko pwani. Ni kidogo, lakini ni kila siku, na daima ni upande wa kutokujaa.

#17 Kasuku_Lushois (Lubumbashi)
Jambo kwenu. Huku Lubumbashi delestaji (mgao wa umeme) imetufundisha wote kuwa mafundi. Naongeza jambo ambalo hamjalisema: SAA. Asilimia 80 za kwanza betri inazimeza upesi, lakini ile 20 ya mwisho inataka saa nne au zaidi, hata ukiwa na paneli kumi. Huku kuanzia Mei hadi Septemba anga ni jeupe kutwa, betri inazipata saa zake. Mvua zikianza, wingu linakuja saa nane mchana na biashara imefungwa.

Nyinyi huko mna misimu miwili ya mvua kwa mwaka, na wingu la mlima juu yake. Asubuhi yenu ndiyo dhahabu. Na asubuhi ndiyo anawasha frigo! Ampea zote zinakwenda kwenye frigo, betri inapata makombo, halafu wingu.

#18 MtotoWaNdosho
Hili limenigusa. Frigo inawashwa saa moja asubuhi.

#19 Kasuku_Lushois
Ianze saa tano. Gandisha chupa za maji ndani yake, zitashikilia baridi hadi jioni.

#20 Hesabu_Ni_Hesabu
Sikubaliani na #19 moja kwa moja. Kama taa inakuwa kijani saa tano na regulata inakata, basi baada ya hapo jua linapotea bure, frigo saa tano ni sawa. Lakini kwa betri nzima ingekuwa bora frigo iwashwe mchana wote na paneli ziongezwe. Kupanga maisha ya mke na watoto kufuata betri ni kuchelewesha tu. Paneli ndiyo kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye mfumo mzima siku hizi.

#21 Mpenda_Ziwa (Goma)
Samahani natoka kidogo nje. Nakaa karibu na Kituku, upepo wa ziwa unavuma kila jioni. Kwa nini hakuna mtu anayeweka kinu cha upepo? Kingechaji usiku wakati jua halipo.

#22 MzeeWaHimbi
Mwanangu, upepo unaokupoza uso hautoshi. Nguvu ya upepo inakwenda na mwendo mara mwendo mara mwendo: mwendo ukipungua nusu, nguvu inabaki moja ya nane. Vinu vidogo vinaanza kutoa kitu cha maana upepo ukifika mita nne au tano kwa sekunde, na uwe wa kudumu, siyo wa kuja na kuondoka. Halafu kwenye mwinuko wetu hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko baharini, nayo inapunguza. Hela ya mlingoti peke yake inanunua paneli mbili.

#23 Mpenda_Ziwa
Aksanti mzee. Basi jenereta?

#24 Papa_Mugunga (Goma)
Jenereta usiniulize. Hewa hiyo hiyo nyepesi inapunguza nguvu ya injini: iliyoandikwa kilowati 2 kiwandani, hapa hesabu 1.7. Na mafuta ya akina Kadafi, wale wauza mafuta wa kando ya barabara, leo yana maji, kesho yamechanganywa na mafuta ya taa.

Lakini niseme la muhimu zaidi. Upande wetu wa Mugunga kuna mazuku. Gesi inatoka kwenye mawe ya volkano, ni nzito kuliko hewa, inalala kwenye mashimo na mabonde, hasa alfajiri kabla upepo haujaanza. Jirani yangu alichimba shimo la jenereta nyuma ya nyumba ili isipige kelele na isiibiwe. Jioni inawaka vizuri. Asubuhi unavuta kamba mpaka mkono unauma, hakuna. Fundi akabadilisha buji, akasafisha kabureta, hakuna. Mzee mmoja wa hapo akaja, akafunga kibatari kwenye fimbo, akakishusha shimoni polepole. Kilipofika usawa wa magoti, mwali ukajikata ghafla, moshi ukabaki umelala pale pale kama umewekwa mezani. Injini haina hewa ya kuchoma, itawakaje? Na yule kijana alikuwa anainama humo kila asubuhi.

Tafadhali, msiweke jenereta shimoni huku kwetu. Wala ndani ya nyumba popote pale, moshi wake una gesi isiyo na harufu, unalala huamki.

#25 Yaya_Keshero
Mungu amlinde huyo kijana. Huku Keshero nako yapo, kuelekea Lac Vert. Watoto tunawakataza mabonde asubuhi.

#26 BaharuMwanza
Hili la mazuku sijawahi kulisikia. Nimesoma mara mbili. Asante Papa Mugunga.

#27 Sola_Ya_Kadogo (Goma)
Turudi kwenye betri. Mnaongea sana risasi, risasi. Mwaka ni gani huu? Nunua lithiamu (LiFePO4) umalize. Mizunguko 3,000 na zaidi ya kujaza na kutumia, unaweza kutumia asilimia 80 au 90 ya kilichomo, wakati gel ukivuka nusu unajiua mwenyewe.

#28 FundiBirere
Kadogo, hela za nani? Na hizo nazo zimeshaanza kuwa na feki, seli zilizotolewa kwenye mabasi ya umeme ya zamani. Hutazijua kwa mizani.

#29 Sola_Ya_Kadogo
Kubwa langu, sikiliza hoja, siyo bei tu. Mzee kasema risasi inakufa kwa kutojaa. Lithiamu ya aina hii haijali kujaa. Ikikaa imejaa nusu kwa wiki nzima ndiyo inafurahi. Mji wenye umeme wa kubahatisha na wingu la mchana unaitaka betri ya namna hiyo.

#30 MzeeWaHimbi
Kadogo ana haki hapo. Masharti mawili. Moja, volti zake hazikuonyeshi kilichobaki: 13.2 inaweza kuwa karibu kujaa au nusu, kwa hiyo nunua yenye kipimo cha kuhesabu ampea. Mbili, hata lithiamu haitengenezi umeme. Ukiifunga kwenye PWM ile ile, wati 120 zinabaki 120. Utakuwa na tangi zuri na bomba lile lile.

#31 Kivu_Radi
Na radi je? Mmeisahau, na mko jirani nasi. Kabare, huku kwetu mashariki mwa Kongo, ilipimwa kwa setilaiti kuwa ya pili duniani baada ya ziwa Maracaibo la Venezuela: zaidi ya radi 200 kwa kilomita moja ya mraba kwa mwaka. Siyo lazima ipige nyumba yako, ikipiga karibu tu waya mrefu wa paneli unabeba pigo hadi ndani. Regulata inaweza kubaki inawaka taa zake huku ndani imeharibika, inachaji nusu nusu. Je, mfumo wa ndugu yetu una waya wa ardhi?

#32 MtotoWaNdosho
Fundi alijaribu kupigilia nondo, ikagonga mwamba kwenye sentimita thelathini. Akaacha.

#33 FundiBirere
Goma yote ni hivyo, tumejenga juu ya lava ya 2002 na ya kabla yake. Nondo ya wima haiingii, na hata ikiingia lile jiwe kavu halipitishi kitu. Tunachimba mfereji wa kulala wa mita kadhaa, tunalaza waya mnene wa shaba, tunajaza udongo mweusi wa shamba na mkaa, kisha tunahakikisha maji ya bafu yanapita hapo ili pasikauke. Na kifaa cha kuzuia radi upande wa paneli, siyo upande wa konvetisa tu.

#34 Kivu_Radi
Kwetu Bukavu ni mfinyanzi, nondo inazama yenyewe. Shida yetu udongo wenyewe unaondoka na nyumba.

#35 Mama_Katindo (Goma)
Nimewasoma nyote. Mimi si fundi, ila naomba mafundi mseme habari ya moto. Nyumba zetu nyingi ni za mbao. Naona watu wanaweka betri chumbani chini ya kitanda, waya mwembamba umepigiliwa ukutani kwa msumari, hakuna fyuzi. Januari 2025 umeme na maji vilipokatika mji mzima, mtaani kwetu kila mwenye betri ya gari aliigeuza ya nyumba, na zimebaki hivyo hivyo mpaka leo.

#36 MzeeWaHimbi
Dada, umesema jambo ambalo lingetangulia mengine yote. Betri ya ampea-saa 200 ikigusanishwa nguzo zake inaweza kutoa ampea elfu moja na zaidi kwa mara moja. Waya unakuwa mwekundu kabla hujafika mlangoni. Fyuzi iwe karibu kabisa na nguzo chanya ya betri, kabla waya haujaenda popote. Na disjonta (swichi zinazojikata zenyewe) za kawaida za nyumba, zile za umeme wa waya, zisitumike upande wa paneli: umeme wa sola haukatiki kirahisi, cheche yake inaendelea kuwaka ndani ya disjonta mpaka plastiki inayeyuka. Kuna za kwao, zimeandikwa DC, yaani umeme wa mkondo mmoja kama huu wa sola.

Betri za kufungua zinapochajiwa zinatoa haidrojeni. Chumba cha kulala hapana.

#37 Hesabu_Ni_Hesabu
Waya mwembamba unahusika hata na ugonjwa wa #1. Ndugu wa Ndosho, kutoka regulata hadi betri ni umbali gani, na waya wa ngapi?

#38 MtotoWaNdosho
Regulata iko sebuleni, betri ziko stoo. Kama mita tano. Waya wa milimita mbili na nusu.

#39 Hesabu_Ni_Hesabu
Mita tano kwenda, tano kurudi, waya wa 2.5: ampea 9 zikipita unapoteza karibu volti 0.6. Regulata inaona 14.2 kwake, betri inapata 13.6. Ndiyo maana haijai! Siyo PWM, siyo feki. Sogeza regulata stoo, isizidi mita moja kutoka kwenye betri.

#40 MzeeWaHimbi
Mwanangu, umesahau kwamba betri ikikaribia kujaa ampea zinashuka, na upotevu kwenye waya unashuka nazo. Zikifika ampea 2 tofauti haifiki volti 0.2. Waya unachelewesha kujaa, hauzuii.

#41 Hesabu_Ni_Hesabu
Unachelewesha, na Kasuku ameonyesha kwamba saa ndizo anazokosa. Tunarudi pale pale.

#42 Mpenda_Ziwa
Na vumbi? Wakati mwingine mlima ukitema, asubuhi bati lote jeusi.

#43 Kasuku_Lushois
Vumbi linaondoa kiasi, linaoshwa. Mradi paneli isilazwe bapa. Huku tunaielekeza kaskazini. Nyinyi mko karibu na ikweta, jua linapita upande wa kaskazini Juni na upande wa kusini Desemba, kwa hiyo upande hauna maana sana. Ipe mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 mvua iteremke na uchafu. Oshea maji matupu alfajiri, usioshe kioo chenye moto.

#44 FundiBirere
Mnaandika vitabu, hakuna aliyepima. Kijana, zima kila kitu jioni, tenganisha betri mbili, ziache usiku kucha bila kuunganishwa na chochote, asubuhi pima kila moja peke yake. Gel nzima iliyojaa itasoma 12.7 na zaidi. Chini ya 12 ni mgonjwa. Na zipeleke kwenye mizani.

#45 MtotoWaNdosho
Nimepima. Betri ya kushoto 11.4. Ya kulia 12.6. Kwenye mizani ya maharage: kilo 29 na kilo 28 na nusu.

#46 Yaya_Keshero
Uzito wa kweli basi!

#47 FundiBirere
Uzito unaweza kuongezwa, nimewahi kukuta saruji chini ya sahani. Lakini nakiri hizi zinafanana na za kweli. Ya kushoto ilikuwa imeshatumika kabla ya kuja kwako, hilo nashikilia.

#48 MzeeWaHimbi
Swali: waya wa konvetisa, chanya na hasi, zote mbili zimefungwa kwenye betri ya kushoto?

#49 MtotoWaNdosho
Ndiyo mzee. Zote mbili kushoto, halafu waya mfupi unaunganisha na ya kulia.

#50 MzeeWaHimbi
Basi nimekuelewa. Ya kushoto imebeba mzigo wa nyumba kwa mwaka mzima, ya kulia inasaidia kwa mbali kupitia waya huo mfupi. Zikiungwa namna hiyo, chanya ichukuliwe kwenye betri moja na hasi kwenye ile nyingine, kwa mshazari, ili njia ya umeme iwe sawa kwa zote. Hata betri zilizotoka kiwanda kimoja siku moja zitaachana ukizifunga kama zako.

#51 Hesabu_Ni_Hesabu
Kwa betri mbili tu na waya mfupi wa kuungia, tofauti hiyo ni ndogo mno kuua moja na kuiacha nyingine. 11.4 ni zaidi ya kuchoka. Seli moja kati ya sita ina hitilafu, labda tangu kiwandani. Na betri mbovu ikiungwa na nzima, usiku kucha inainyonya nzima. Ndiyo saa tatu yake hiyo.

#52 MzeeWaHimbi
Waya wa kuungia ni wa ngapi? Kama naye ni wa mbili na nusu, tofauti si ndogo.

#53 MtotoWaNdosho
Wa mbili na nusu, ndiyo.

Nimeitoa ya kushoto. Jana nimetumia ya kulia peke yake, bila frigo, tumefika saa nne na nusu usiku. Betri moja imeshinda mbili! Nataka kuanza na regulata ya MPPT, lithiamu itafuata Mungu akijalia. Ila nimeona Birere MPPT moja kwa bei ile ile ya PWM. Ninunue?

#54 FundiBirere
Usiiguse. Wanabandika herufi tu juu ya PWM. MPPT ya kweli ina koili kubwa ya shaba ndani na bati nene la kupooza mgongoni, ukiishika mkononi unaisikia uzito. Soma pia volti inazopokea upande wa paneli: yako ina Voc 39, na asubuhi ya baridi inapanda zaidi, kwa hiyo itafute inayopokea 75 au 100. Siku ya kufunga, unganisha betri kwanza, paneli mwisho. Siku ya kufungua, paneli kwanza.

#55 Sola_Ya_Kadogo
Na chagua yenye mpangilio wa lithiamu tangu sasa, usije ukanunua mara mbili.

#56 Hesabu_Ni_Hesabu
Ukishaifunga, acha betri ile ile ya kulia, frigo ile ile, waya ule ule, utuletee volti za kila asubuhi kwa wiki mbili. Kama zinapanda, mzee alikuwa sahihi na PWM. Kama zinabaki hapo, tunaanza na waya.

#57 MzeeWaHimbi
Nakubali sharti hilo. Lakini fyuzi afunge leo, asingoje regulata.